Mjane, Mahari na Ukoo: Historia ya Desturi za Kaya katika Ukanda wa Tunduma na Songwe

Utangulizi

Tafiti nyingi kuhusu desturi za familia huanzia harusini. Mtafiti huhesabu ng'ombe waliotolewa, hueleza kazi ya mshenga, kisha huorodhesha tofauti kati ya kabila moja na jingine kana kwamba kila kabila lilizaliwa na orodha yake mkononi. Makala hii inaanzia upande wa pili wa ndoa, yaani siku mume anapofariki. Siku hiyo maswali ambayo harusi iliyafunika kwa ngoma na pombe hulazimika kujibiwa: mjane abaki wapi, alime shamba gani, na watoto ni wa nani?

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba tofauti za desturi za kaya miongoni mwa jamii zinazopakana katika eneo la Tunduma na Songwe huonekana waziwazi zaidi zikitazamwa kutoka mahali aliposimama mjane. Hoja nyingine inatokana na hiyo. Desturi ya kurithi wajane ilikuwa na sehemu mbili zilizoshikana: haki ya ukoo juu ya mwanamke na mali ya marehemu, na wajibu wa ukoo kumlisha na kumlinda mwanamke huyo pamoja na wanawe. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miongo ya mwanzo ya uhuru, wajibu ulidhoofika hatua kwa hatua, ilhali haki iliandikwa na kuwa sheria.

Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa wilayani Mbozi. Umri wake ni mdogo, lakini eneo lenyewe ni sehemu ya ukanda wa kale wa mapito kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyiha wako Mbozi, Wanyamwanga wako Momba na Tunduma, Wandali na Walambya wako Ileje, Wawanda wako kandokando ya Ziwa Rukwa, na Wabungu wako upande wa Wilaya ya Songwe. Wanyakyusa kutoka Rungwe wamekuwa wakihamia humu kwa kilimo na biashara. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde na Isoka nchini Zambia, Wanyamwanga wanaendelea; na ukizidi kusonga kusini-magharibi unaingia katika nchi ya Wabemba, ambako mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo Tunduma imekaa karibu na mpaka mwingine usiochorwa kwenye ramani yoyote ya serikali, yaani mpaka kati ya nasaba ya kuumeni na nasaba ya kukeni.

Jina la mwanamke

Kabla ya kufika kwenye ng'ombe, inafaa kutazama majina. Miongoni mwa Wanyamwanga na Wanyiha, jina la ukoo hubeba kiambishi kinachotofautisha jinsia: mwanamume huwa Si- na mwanamke huwa Na-. Wa ukoo wa Siwale, mtoto wa kike ni Nawale. Penye Silwamba, dada yake ni Nalwamba. Mwanamke anapoolewa hachukui jina la mumewe. Anaingia katika kaya ya ukoo mwingine, anapika, analima na kuzaa humo kwa maisha yake yote, lakini kila anapoitwa anatajwa kama binti wa kwao. Watoto wake watakuwa Si- na Na- wa ukoo wa baba yao.

Jambo hili hupitwa haraka na waandishi wengi, nami naona si haki. Jina linaeleza hali ya kisheria ya mwanamke katika kaya kwa usahihi kuliko maelezo mengi ya mahari. Mke ni mgeni wa kudumu. Mahari yamehamisha uzazi wake na kazi yake, lakini hayakumhamisha yeye mwenyewe. Mume akiwa hai, hali hiyo ya kati haileti tabu kubwa. Mume akifa, mjane anajikuta katikati ya koo mbili, na ni lazima mmojawapo utamke kwamba ni wake.

Miisho miwili: Unyakyusa na Ubemba

Ili kuelewa majibu yaliyotolewa katika ukanda wenyewe, ni vyema kuzitazama jamii mbili zilizo kwenye miisho yake, ambazo kwa bahati nzuri zilichunguzwa kwa kina katika muongo uleule. Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Audrey Richards alifanya utafiti wake Ubemba mwanzoni mwa miaka ya 1930. Maandishi yao yana kasoro za wakati wao, hasa kule kuieleza jamii kana kwamba imesimama, lakini yana wingi wa mambo ya kila siku ambao hatuupati kwingine.

Kwa Wanyakyusa, ng'ombe ndiye aliyefunga ndoa. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee, hivyo kijana alichelewa kuoa huku wazee wakiwa na wake wengi. Wavulana wakifika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja walitoka katika makazi ya baba zao na kujenga vibanda vyao pembeni, kijiji cha marika, ambacho kilikua pamoja nao mpaka wakaoa na kuzaa humo. Walirudi kula kwa mama zao, na mara nyingi walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, anaonyesha kwamba wenyewe walieleza mpangilio huu kwa sababu ya heshima: baba na mwana wasikae karibu, hasa mwana akioa, kwa kuwa mke wa mwana alipaswa kumkwepa baba mkwe kabisa. Hakumtazama, hakupita njia moja naye, hakutaja jina lake wala neno lililofanana na jina hilo. Mtu anaweza kuicheka miiko hiyo. Lakini akumbuke kwamba baba mkwe ndiye aliyetoa ng'ombe, na kwamba mwana angeweza siku moja kuwarithi wajane wa baba yake, isipokuwa mama yake mzazi. Pale ambapo wanawake huvuka kutoka kizazi kimoja hadi kingine pamoja na ng'ombe, ukuta kati ya vizazi lazima uwe mrefu.

Mume wa Kinyakyusa akifa, mrithi wa kwanza alikuwa ndugu yake wa baba na mama mmoja anayemfuata, na baadaye ndipo mali ikarudi kwa mwana mkubwa. Mjane alirithiwa kwa utaratibu huohuo. Kutoka katika ndoa kulimaanisha ng'ombe kurudishwa, na jamaa zake, ambao pengine walikwisha kuwatumia ng'ombe hao kumwolea kaka yake, hawakuwa na hamu ya kumpokea.

Ubemba ni nchi ya mbung'o, na ng'ombe hawakuwa msingi wa ndoa. Kijana alitoa vitu vichache, kisha akahamia kijijini kwa wazazi wa mke na kuwatumikia kwa miaka kadhaa: kukata miti ya shamba la chitemene, kujenga, kufuata maagizo ya mama mkwe. Baada ya muda aliweza kuruhusiwa kuondoka na mke wake, au wakabaki hapo. Watoto walikuwa wa ukoo wa mama. Mume akifa, jina na hadhi yake zilikwenda kwa ndugu yake au kwa mtoto wa dada yake, na jamaa zake walikuwa na wajibu wa kumfungua mjane kutoka kwa marehemu. Mjane alikuwa na pa kwenda, na mara nyingi alikuwa yupo pale pale: miongoni mwa mama zake, dada zake na wanawe. Haya hayamaanishi kwamba mwanamke wa Kibemba alikuwa huru kuliko wa Kinyakyusa katika kila jambo. Maana yake ni kwamba kifo cha mume hakikumng'oa.

Katikati ya miisho hiyo, ukanda wa Songwe ulikuwa na mchanganyiko. Wanyiha walikuwa wafua chuma mashuhuri, na jembe la chuma lilikuwa bidhaa ya biashara na pia kitu cha kutolea mahari katika sehemu kubwa ya kusini-magharibi. Jembe halizai kama ng'ombe. Ndoa iliyofungwa kwa majembe na kazi ya mkwe iliweka deni dogo zaidi kati ya koo mbili kuliko ndoa iliyofungwa kwa kundi la mifugo, na deni dogo hulipika. Tukisema tu kwamba jamii hizi zote za Songwe "ni za kuumeni", tunaufuta utofauti huo, ambao kwa mjane ulikuwa na uzito mkubwa.

Narwimba: kurithiwa kama kimbilio

Karne ya 19 ilikuwa kipindi cha hatari katika ukanda huu. Wangoni wa Zwangendaba walipita hapa wakielekea Ufipa. Baadaye Wabemba walivamia kutoka kusini-magharibi, na Wasangu wa akina Merere kutoka kaskazini-mashariki, huku misafara ya biashara ya watumwa na pembe ikinunua watu waliotekwa. Mwanamke na mtoto walikuwa mali inayotembea yenyewe, hivyo walitekwa kwanza.

Masimulizi ya wanawake waliopitia hali hiyo yalihifadhiwa kwa njia ambayo haikutazamiwa. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyeishi Utengule, aliyaandika maisha ya wanawake kadhaa kama walivyoyasimulia, na yakachapishwa kwa Kijerumani. Mwanahistoria Marcia Wright aliyarudia, akayachambua na kuyachapisha upya, hatimaye katika kitabu cha mwaka 1993, Strategies of Slaves and Women. Msomaji lazima awe mwangalifu. Masimulizi yaliyokusanywa na wamisionari huwa na mwelekeo wa kutoka gizani kwenda nuruni, na msimulizi alijua alikuwa akizungumza na nani. Hata hivyo, mambo madogo yaliyomo, nani alimkataa nani na nani alilisha watoto wa nani, hayahitajiki kwa mafundisho ya dini, na kwa sababu hiyo yanaaminika.

Mmoja wao ni bibi Narwimba, ambaye jina lake lina umbo lile la Na- tulilolizungumzia. Alipofiwa na mume hakungoja ukoo umwite. Alikwenda mwenyewe kwa mpwa wa marehemu, aliyeitwa Mirambo (asichanganywe na mtemi wa Unyamwezi), akamsihi amchukue awe mke wake ili yeye na watoto wapate ulinzi. Fundisho la kawaida kuhusu kurithi wajane humweka mwanamke kama kitu kinachopokezwa. Katika tukio hili mwanamke ndiye anayedai desturi itekelezwe, na mwanamume ndiye anayebembelezwa. Mwanamke asiye na mume wala ukoo wa karibu angeweza kuuzwa na mtu yeyote, na hakuna ambaye angesimama kudai fidia. Kuwa mke wa mtu, hata mke wa mwisho katika kaya ya mitala, kulimaanisha kwamba kuna mtu wa kuulizia habari zake.

Wright anaisoma hadithi hii kama mkakati wa mwanamke katika hatari, na usomaji huo una nguvu. Ningeongeza jambo moja. Narwimba aliweza kumsihi Mirambo kwa sababu wajibu ulikuwepo na ulijulikana. Hakubuni njia mpya, alikumbusha deni. Desturi ilikuwa na mlango ambao mjane mwenyewe angeweza kuubisha.

Fedha, misheni na kulegea kwa wajibu

Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uligawa ukanda huu, na nchi ya Wanyamwanga ikakatwa vipande viwili. Misheni ya Livingstonia ilikuwa na kituo Mwenzo upande wa Waingereza. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walienea hadi Mbozi. Ukoo mmoja ukawa na wabatizwa wa Kiskoti na wabatizwa wa Kijerumani.

Misheni zilipinga ndoa za mitala na kurithi wajane kwa nguvu sawa, kwa kuwa mara nyingi la pili lilizaa la kwanza. Mkristo aliyeoa hakuweza kumpokea mjane wa kaka yake bila kutengwa na ushirika. Hoja ya kimaadili ilieleweka. Lakini mjane aliyekataliwa na shemeji Mkristo hakupewa kingine mahali pake, isipokuwa alipohamia kituoni kuishi karibu na wamisionari, jambo ambalo wachache waliliweza.

Fedha ilifanya kazi polepole zaidi, na kwa kina zaidi. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, ambayo upande wa Saza leo uko katika Wilaya ya Songwe, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilivuta vijana kuanzia miaka ya 1920 na 1930. Kijana mwenye mshahara aliweza kununua ng'ombe wake mwenyewe, na asimsubiri baba. Wilson aliliona hili Unyakyusa na baadaye, katika For Men and Elders (1977), akalieleza kama badiliko kubwa la uhusiano wa vizazi. Wasomi wengi wamelishangilia kama ukombozi wa kijana, na ni kweli ulikuwa ukombozi. Upande wa mjane haukutazamwa sana. Mahari yaliyotolewa na ukoo mzima yaliufunga ukoo mzima. Mahari yaliyolipwa na mtu mmoja kwa mshahara wake yalimfunga mtu mmoja. Akifa, ndugu zake waliweza kusema, kwa haki fulani, kwamba hawakutoa ng'ombe hata mmoja kwa ajili ya mwanamke huyu. Jambo la kusikitisha ni kwamba ndugu haohao hawakusema vivyo hivyo kuhusu shamba au nyumba ya marehemu.

Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 na kupita Tunduma, pamoja na barabara kuu ya kwenda Zambia, iliigeuza sehemu iliyokuwa kijiji cha mpakani kuwa mji. Kaya za mjini zilianza bila ukoo kuwepo: dereva na mfanyabiashara ndogondogo wanakaa pamoja, wanajenga vyumba, wanazaa, na mahari hayajapelekwa kokote.

Sheria mbili ndani ya nchi moja

Tanganyika huru ililikuta tatizo hili na kulijibu mara mbili, kwa majibu yasiyolingana. Mwaka 1963 Matamko ya Sheria za Mila, yaani Tangazo la Serikali Na. 279 na Na. 436, yaliandika desturi za jamii za nasaba ya kuumeni ili kuziunganisha. Lengo lilikuwa la kitaifa: mahakama zisihukumu kwa desturi mia moja zinazopingana. Lakini kuandika ni kuchagua. Katika kanuni za urithi za Na. 436, mjane hana fungu katika mirathi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Tusome kanuni hiyo tukiwa na Narwimba akilini. Haki ya ukoo juu ya mali imeandikwa wazi, na mahakama inaweza kuitekeleza. Wajibu wa ukoo kwa mjane umeondolewa mabegani mwa shemeji na mpwa, ukawekwa kwa watoto, ambao pengine bado wananyonya. Mjane wa karne ya 19 alikuwa na mtu mzima wa kumbishia hodi. Mjane wa kanuni ya 1963 anatakiwa angoje mwanawe akue.

Jibu la pili lilikuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 41 kilifanya ndoa kuwa halali hata kama taratibu za mahari hazikutimizwa. Kifungu cha 68 kilimpa mjane uhuru wa kuishi apendapo na kuolewa na amtakaye, au kutoolewa kabisa, hata kama mila inasema vinginevyo. Kifungu cha 160 kiliwapa hadhi ya dhana ya ndoa wanaume na wanawake walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo, na hao ndio wakazi wengi wa mji kama Tunduma. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hayo yote ni mafanikio makubwa, na mtafiti hana sababu ya kuyapunguza. Hata hivyo shauri hilo lilihusu talaka. Sheria ya 1971 ilimwondolea mjane ulazima wa kurithiwa na kuiacha mirathi mikononi mwa kanuni za 1963. Mwanamke aliyepewa talaka akawa na dai lenye nguvu kuliko mwanamke aliyemuuguza mumewe mpaka kaburini.

Pengo hilo lilifikishwa Mahakama Kuu na wajane wawili wa Shinyanga. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi lakini haikuzibatilisha. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka wajibu wake kwa wajane hao.

Ng'ambo ya barabara

Zambia ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1989 kuhusu mirathi isiyo na wosia inampa mwenzi aliyebaki asilimia 20, watoto asilimia 50, wazazi asilimia 20 na wategemezi wengine asilimia 10. Sababu ya kutungwa kwake ilikuwa malalamiko ya wajane walionyang'anywa mali na jamaa wa marehemu, na malalamiko hayo yalitoka kwa jamii za kukeni na za kuumeni pia. Hapa pana onyo kwa yeyote anayedhani kwamba nasaba ya kukeni ingemkinga mjane peke yake: ilimkinga alipokuwa kijijini kwa mama yake, na ikakoma kumkinga alipokwenda kuishi na mume katika nyumba ya mgodini.

Tuchukue basi ndugu wawili wa ukoo mmoja wa Kinyamwanga, mmoja amejenga Nakonde na mwingine Tunduma. Wakifa bila wosia, mjane wa Nakonde ana fungu lililotajwa kwa asilimia. Wa Tunduma atategemea kwanza sheria ipi itatumika, kwa kuwa mahakama hutazama mtindo wa maisha ya marehemu, imani yake na ukaribu wake na mila. Na kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo itataka kuona muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi wa mirathi. Katika kikao hicho yeye, akiwa Na- wa ukoo mwingine, anakaa kama mgeni.

Lakini tofauti hiyo ya nchi ina kikomo. Sheria ya Zambia haigusi ardhi inayomilikiwa kimila. Kwa nyumba, duka na fedha za benki, wajane hao wawili wanaishi katika dola mbili. Kwa shamba la mahindi lililoko kijijini alikozaliwa mume, wote wawili wanarudi kwa wazee walewale.